Manowari kwa Jicho la Samaki

Ragnhild aliiomba ile meli huku akimenya viazi. Viazi vyenyewe vilikuwa vichache, chakula cha mchana cha watu wawili wasiokula sana, lakini mrija wa oksijeni uliomzunguka masikio ulimlazimu kupumzika baada ya kila kimoja. Mumewe, Eskild, alikuwa amesimama mlangoni pa ngazi iteremkayo kwenye chumba cha chini ya nyumba, na mkono wake ulikuwa umekwisha kufika kwenye swichi ya taa.

"Mke mwenzangu anakuita?" Ragnhild aliuliza bila kugeuka.

"Nimeacha gundi inakauka."

"Gundi yako inakauka miaka yote tangu tuoane. Hebu keti kidogo."

Eskild akaketi. Ragnhild akaweka kisu juu ya maganda, akapumua, kisha akasema kama mtu anayetaja kitu cha kununua dukani.

"Nataka Troels atundikiwe meli kanisani. Uijenge wewe, siyo mtu mwingine. Na yeye mwenyewe awemo. Nikae kwenye benchi letu, niinue macho, nimwone. Sina jingine."

"Mimi siweki watu kwenye meli. Unajua."

"Najua. Huyu utamweka."

Troels alikuwa mtoto wao wa pekee. Alizama na boti ya uvuvi magharibi ya mji wao wa pwani, Nørsand, katika dhoruba ya Novemba, yeye na wenzake wawili. Wenzake bahari iliwarudisha, mmoja ufukweni, mwingine katika wavu wa wavuvi wa kijiji cha jirani. Troels haikumrudisha. Kwa hiyo hapakuwa na kaburi, na Ragnhild hakuwa na mahali pa kuipeleka miguu yake siku za Jumapili baada ya ibada, wanawake wenzake wanapotawanyika kati ya mawe ya makaburi, kila mmoja na kopo lake la maji. Yeye alikuwa akiwasubiri getini, mikono mitupu, na walipomaliza walitembea pamoja naye kurudi mjini wakizungumzia hali ya hewa.

Katika usharika wa Nørsand, aliyezama bila kurudi hutundikiwa meli darini mwa kanisa, na meli hiyo haiwi boti ya uvuvi. Huwa manowari ya zamani, yenye milingoti mitatu na mizinga iliyochungulia nje. Hakuna aliyejua nani aliianzisha desturi hiyo, wala hakuna aliyeona haja ya kuitetea. Ukiwauliza wazee, walikuwa wakijibu tu kwamba mtu aliyekwenda kwenye bahari ile amekwenda vitani, kisha wakabadilisha mazungumzo.

Kwa upande mwingine, kama palikuwa na mtu mmoja katika pwani ile yote aliyefaa kwa kazi hiyo, alikuwa Eskild. Alikuwa mchoraji wa michoro ya meli katika kiwanda cha kuunda meli mpaka kiwanda kilipofungwa, na tangu ujana wake alikuwa akijenga manowari za mfano katika chumba kile cha chini. Zote zilikuwa za kipimo kimoja, moja kwa sabini na mbili, ili mtu akizipanga pamoja aone kwa haki ipi ilikuwa kubwa na ipi ndogo. Hakujenga chochote ambacho hakuwa na mchoro wake wa asili. Kama mchoro haukuonyesha idadi ya misumari ya mlango, aliuacha mlango bila misumari. Watu hakuweka kabisa. Alikuwa akisema kwamba mtu huigeuza meli kuwa mwanasesere.

Daktari alikuwa amesema kwamba mapafu ya Ragnhild yatamvusha majira ya baridi hayo, pengine na yanayofuata. Zaidi ya hapo hakusema. Eskild alikadiria kazi kimoyomoyo, akaona kwamba inawezekana, kama hatajenga kitu kingine.

Wiki ile ile alikwenda kanisani kuangalia kulabu ya darini. Kresten, mtunza kanisa, aliyechimba makaburi na kuwasha mitambo ya joto na kupiga kengele, alimshikia ngazi. Karibu na kulabu tupu ilining'inia meli ya zamani kuliko zote, iliyoitwa Tumaini. Eskild hakuwahi kuipenda. Ilikuwa fupi na nene, mizinga yake kama chupa za bia, kamba zake kama za viatu, na bendera yake ilikuwa kubwa kuliko tanga. Hakuna bahari ambayo ingeivumilia. Ingepinduka ikiwa bado bandarini.

"Yako nayo inenepeshe," Kresten alimwambia kutoka chini. "Mizinga, kamba, kila kitu. Macho yako yatauma, lakini ndivyo ilivyo. Huku chini tunaona kidogo."

"Hii ninayoijenga ilikuwepo kweli, Kresten. Ilikuwa na vipimo vyake."

"Sikatai. Ila nani atapanda huko kuipima?"

"Mimi."

Kresten alicheka puani. "Haya, mkubwa. Kazi yangu mimi ni ngazi."

Meli aliyoichagua iliitwa Terneholm. Nakala za michoro yake alikuwa amezitoa Copenhagen zamani, akaziweka kwa ajili ya kazi ya mwisho ya maisha yake, ingawa hakujua ingekuwa kazi ya namna gani. Alianza kwa mkuku, uti wa mgongo wa meli, akapanga juu yake mataruma, yaani mbavu zake, moja baada ya jingine, yote ya mbao za mpeasi, kwa kuwa nyuzi za mpeasi ni ndogo na hazimdanganyi mtazamaji kuhusu ukubwa. Akafunika mbavu kwa mbao nyembamba kama maganda ya kitunguu. Chumba cha nahodha alikitandika sakafu ya miraba myeusi na myeupe kama ilivyochorwa, kisha akakifunika kwa sitaha, ambapo hakuna jicho ambalo lingeiona sakafu ile tena. Kamba alizisokota mwenyewe kwa kitani. Ile ambayo katika meli ya kweli ilikuwa nene kama mkono, kwake ikawa kama uzi. Ile iliyokuwa kama kidole, ikawa kama unywele.

Ragnhild hakuweza kushuka. Ngazi ya chumba kile ilikuwa kali kama ya melini, na pumzi yake haikufika hata kidato cha tatu. Alikuwa akisimama juu mlangoni, ameshika mwimo, na kuuliza kwa sauti ndogo.

"Amefika wapi?"

Hakuuliza ilipofika meli. Eskild alilizoea swali hilo, akawa analijibu lilivyo.

"Sitaha ya mizinga imefungwa."

"Nipandishie nione."

"Sionyeshi meli isiyokwisha, Ragnhild."

"Je, mimi nikiisha kabla yake?"

"Hutaisha."

"Imeandikwa hivyo kwenye mchoro?"

Eskild alicheka, naye akacheka huko juu mpaka akakohoa, na kikohozi kikadumu kuliko kicheko. Walikuwa hawajacheka pamoja kwa muda mrefu. Majira ya baridi yakapita hivyo, yakapita na ya kiangazi, na milingoti ikasimama.

Mtu alimchonga mwishoni. Kimo cha Troels alikipata kwenye alama ya juu kabisa kati ya zile walizompimia alipokuwa akikua, katika mwimo wa mlango wa jikoni, akakigawanya kwa sabini na mbili, na kilichobaki kilikuwa kama urefu wa pingili ya kidole gumba. Uso hakumpa. Kwa kipimo kile mtu hahitaji uso, kama ambavyo humwoni uso mtu aliye ng'ambo ya bandari na bado unamjua. Alimpa mabega tu, la kushoto likiwa limeshuka kidogo, na hilo likatosha. Alipomshika kwa kibano chini ya taa, Eskild alilazimika kuweka kibano chini na kutoka nje bustanini kwa muda. Kisha akarudi, akamsimamisha kwenye jukwaa dogo lililo juu ya mlingoti wa mbele, mkono mmoja umeshika kamba. Hapakuwa na mahali bora katika meli nzima. Juu yake hapakuwa na mtu mwingine.

Ilikuwa desturi meli ya kanisa ibebwe mabegani na kupitishwa mjini kwa bendera, mbele ya macho ya watu wote. Eskild alikataa. Upepo wa Nørsand ungezikata kamba zile kama utando wa buibui. Jumamosi, yeye na Kresten walilitoa sanduku kwa mlango wa bustanini na kulipakia garini. Ragnhild aliwatazama kwa dirisha la jikoni.

"Ndiye huyo?" aliuliza.

"Ndiye."

"Kasanduku kadogo."

"Utamwona kesho," Eskild alisema.

Siku iliyofuata kanisa lilijaa. Ragnhild aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akawekwa mwisho wa benchi lao, chupa ya oksijeni miguuni, amevaa koti lake la bluu ambalo sasa lilimpwaya. Mchungaji Solvej, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alilitaja jina la Troels, akaibariki meli, na watu wote wakainua vichwa. Eskild naye aliinua chake. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuitazama Terneholm kutoka mahali hapo.

Aliona ubao wa kahawia. Aliona tumbo la meli, umbo kama la jani refu, na juu yake, kandokando, vitu vyembamba vilivyofanana na nywele. Mizinga haikuonekana kama mizinga, ilikuwa nukta. Kamba hazikuonekana kabisa, kwa hiyo milingoti ilisimama bila kushikwa na kitu, kama njiti tatu. Kando yake Tumaini, ile meli nene ya chupa za bia, ilikuwa ikisafiri. Mtu aliyekaa benchi la mwisho angeweza kuihesabu mizinga yake.

Akaelewa papo hapo, na kosa lilikuwa rahisi mno. Michoro ya meli ina pande tatu: ubavuni, juu, na mbele. Maisha yake yote alikuwa amezitazama meli kwa pande hizo, juu ya meza, kwa kimo cha macho yake. Hakuna mchoraji aliyewahi kuchora meli kama samaki anavyoiona.

Ibada ilipokwisha, watu walitoka taratibu, wakimgusa Ragnhild begani. Alisubiri wapungue.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Mlingoti wa mbele. Ule wa upande wa madhabahu. Juu, pale kwenye jukwaa."

Ragnhild alitazama kwa muda mrefu, shingo imeegemea nyuma ya kiti.

"Ninaona chini ya jukwaa," alisema mwishowe.

"Yeye yuko juu yake."

"Kwa hiyo kuna ubao kati yetu."

Hakusema kwa lawama, na Eskild angependelea lawama. Kresten, aliyekuwa akizima mishumaa, alisogea.

"Naweza kuishusha sasa hivi," alisema. "Ngazi ipo hapo nyuma. Mama amwone, kisha tunaipandisha. Si kazi."

"Hapana," Eskild alisema.

"Dakika chache tu, bwana."

"Aliomba amwone kutoka benchini. Nitairekebisha. Ataonekana kutoka hapo hapo ulipokaa, Ragnhild."

Ragnhild aligeuka kumtazama mumewe, kisha akakitazama kipimo cha chupa yake ya oksijeni, ambacho mshale wake ulikuwa unateremka. "Sawa," alisema. "Nipeleke nyumbani." Eskild alikisukuma kiti kuelekea mlangoni akiwa tayari anafikiri juu ya unene wa mizinga. Lilipita kanisani lile jambo moja ambalo lingeweza kufanyika, na aliyelizuia ni yeye, kwa sababu alitaka kutimiza ombi kama lilivyotamkwa.

Meli ikarudi chumba cha chini. Eskild akaanza kuivunja kama mtu ang'oaye meno yake mwenyewe. Mizinga ya kweli aliing'oa, akakereza mingine minene. Kamba za kitani alizikata kwa mkasi, zikaanguka mezani bila sauti, akafunga nyuzi za kufumia sweta zilizolowekwa lami. Milingoti aliifunika kwa mingine. Tumbo akalipaka rangi nyeupe ili lishike mwanga wa madirisha. Kila jioni alijiuliza meli hii ni ipi sasa, mpaka akazoea kutojiuliza.

Yule mtu mdogo alikuwa amemtoa kwanza kabisa. Kando ya mizinga ile angeonekana kama nzi. Akamweka ndani ya kifuniko cha chupa ya jemu pembeni mwa meza, awe kipimo cha mabega, na akaanza kumchonga Troels mwingine, mrefu kama kidole, wa kuonekana kutoka benchini.

Hapo ndipo aliposhindwa. Mtu mrefu kama kidole anahitaji uso. Eskild alipanga picha zote za mwanawe kwenye meza: moja ya kitambulisho cha ubaharia, nyingine ya harusi ya binamu, nyingine amekunja macho juani na samaki mkononi. Alipima umbali kati ya macho kwa bikari. Alipima pua. Vyote vilikuwa sahihi na uso uliotokea haukuwa wake. Mmoja alifanana na Kresten enzi za ujana. Mwingine na mtu wa kwenye tangazo la siagi. Aliwatupa katika jiko la kuni mmoja baada ya mwingine, akaanza tena. Hakuna mtu aliyewahi kuchora pande tatu za Troels, na baba yake, aliyeweza kukwambia upana wa kila dirisha la Terneholm, aligundua kwamba hakuwa na hakika ya masikio ya mwanawe.

Siku moja mnamo Januari meza ilikuwa imejaa vumbi la mbao kiasi kwamba hakuona patasi yake. Akaifagia kwa brashi, akakusanya maranda yote kwenye koleo dogo, akayatia motoni kama kawaida yake. Alipogeuka, kifuniko cha jemu kilikuwa kimelala kifudifudi kwenye ukingo wa meza. Akakifunua; chini yake hapakuwa na kitu. Akatazama sakafuni kwa tochi, akiwa amepiga magoti. Kisha alifungua mlango wa jiko na kuketi mbele yake, akijua kwamba mti ule, mdogo kiasi kile, hauachi hata jivu la kuokotwa.

Ragnhild hakuambiwa. Kufikia Februari hakuwa anatoka kitandani tena. Muuguzi wa manispaa alikuja asubuhi na jioni, na Mchungaji Solvej alikuja alasiri, akaketi naye mlango ukiwa umefungwa nusu.

"Ilete hapa," Ragnhild alisema siku moja.

"Haijaisha."

"Eskild."

"Bado uso…"

"Eskild. Siendi kanisani tena kwa miguu yangu wala kwa magurudumu. Ilete."

Kresten aliitwa, na wawili hao waliipandisha ngazi ile kali, mmoja akirudi kinyumenyume. Waliiweka juu ya kabati fupi la nguo, karibu kabisa na mto wake, kiasi kwamba angenyoosha mkono angeigusa. Kresten alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa hii ndiyo meli," alisema. "Hii hata kipofu ataiona." Akaaga, akaenda zake.

Ragnhild aligeuza shingo. Kwa umbali ule kila kitu kilionekana jinsi kilivyo: sufu ya sweta iliyopakwa lami, mizinga kama makopo, mafundo makubwa kama vifungo vya koti. Ile iliyotundikwa juu ambako hakuna mtu ambaye angeiona vizuri ingefaa hapa, na hii ya kutazamwa kwa mbali ilikuwa imeletwa kando ya mto.

"Kumbe mizinga yake ilikuwa minene hivi," Ragnhild alisema.

"Haikuwa hivi. Ilibidi."

"Ile ya kwanza ilikuwaje? Niambie. Sikuiona."

Eskild akavuta kiti. Akamwambia habari za sakafu ya miraba katika chumba cha nahodha, na ngazi zenye vidato vilivyolika katikati kwa miguu ya mabaharia, na kapi ndogo za kupitishia kamba ambazo alizitoboa kwa sindano. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kutoka omo hadi tezi, mbele mpaka nyuma, kama alivyokuwa akiwaeleza wageni wa makumbusho. Ragnhild alisikiliza macho yakiwa yamefumba, na mara mbili alitabasamu. Kisha akayafumbua.

"Na yeye yuko wapi?"

Taa ya kando ya kitanda ilikuwa inawaka ingawa ulikuwa mchana. Eskild aliutazama mlingoti wa mbele. Hakuwahi kusema jambo la uongo kuhusu meli, hata kwa watoto, hata kwa mnunuzi.

"Yuko pale juu. Nyuma ya mlingoti. Ukiwa umelala hivyo, mlingoti unamficha."

"Igeuze basi."

"Lami haijakauka. Tukiishika sasa kamba zitalegea. Nitaigeuza kesho."

Ragnhild aliendelea kutazama. Mkono wake ulitoka chini ya shuka, ukaenda nusu ya njia kuelekea kabatini, ukarudi.

"Anajificha," alisema. "Ndivyo alivyo. Udogoni ukimwita kula, anakwenda kusimama nyuma ya pazia, miguu yote inaonekana." Akapumzika. "Si kitu. Mradi yupo."

"Yupo," Eskild alisema.

Kesho yake hakuamka vizuri, na muuguzi akapiga simu. Alifariki kabla lami haijakauka.

Kresten alimwomba Eskild ruhusa ya kuitundika meli kabla ya mazishi, kwa kuwa Ragnhild angependa, na Eskild akamkubalia. Angeweza kuchonga mtu mwingine katika siku zile chache. Aliteremka chini, akawasha taa, akachukua kipande cha mti na kisu. Lakini alijua kwamba yeyote atakayemchonga sasa hatakuwa Troels. Atakuwa shahidi wa uongo, aliyewekwa pale kuutetea. Akazima taa.

Siku ya mazishi kulikuwa na baridi kali, na mitambo ya joto ya kanisa ilikuwa imewashwa tangu alfajiri. Jeneza liliwekwa mbele, na juu yake, kwa ile kulabu, Terneholm ilionekana safi kutoka kila benchi. Watu walioingia waliitazama na kunong'onezana. Ilikuwa kweli inasafiri. Mizinga ilihesabika, kamba zilichora mistari myeusi dhidi ya dari nyeupe, na tumbo lake lilishika mwanga. Eskild aliketi mwisho wa benchi, mahali palipokaa kiti cha magurudumu, na hakuinua kichwa.

Mchungaji Solvej alisema maneno yake kwa upole. Alisema Ragnhild aliishi miaka mingi bila kaburi la kwenda. 

"Nilipomtembelea siku zile za mwisho," alisema, "aliniambia kwamba mwanawe yuko kwenye meli ile, juu ya mlingoti wa mbele. Alisema ni mdogo, na kwamba anajificha, lakini yupo. Aliniomba niwaambie, ili mkikaa hapa Jumapili mumtafute. Nimewaambia."

Kanisa zima likainua nyuso. Wanawake waliokuwa wakienda makaburini na makopo ya maji walijikinga macho kwa viganja. Mzee mmoja alitoa miwani mfukoni. Walikuwa wakitafuta kwa bidii na kwa heshima, kama watu wanaotafuta kichwa cha mwogeleaji katikati ya mawimbi.

Kresten, aliyekaa nyuma ya Eskild, alimwinamia sikioni. "Simwoni, bwana. Yuko upande gani?"

"Nyuma ya mlingoti," Eskild alisema.

Hewa ya moto ilikuwa inapanda kutoka kwenye mitambo chini ya madirisha, na meli ikaanza kugeuka kwenye waya wake. Iligeuka polepole, omo ikiiacha madhabahu na ubavu ukiwaelekea watu, na mlingoti wa mbele ukageuka pamoja nayo, ukionyesha kwanza kando yake, kisha ule upande wa nyuma. Watu walisubiri. Eskild naye akainua uso, akasubiri pamoja nao.